Mstari Niliouongeza

Kila Jumamosi, tukishamaliza uji wa mahindi na mayai, mimi na baba tulikuwa tunapanda pikapu yake na kwenda kutafuta nyasi ndefu. Nyasi ndefu mbele ya nyumba zilikuwa dalili. Dalili nyingine ni barua zilizofurika sandukuni, turubai lililotandazwa juu ya paa, au gari bovu lililokaa mpaka magurudumu yakadidimia. Baba alisema kwamba nyumba ya namna hiyo mara nyingi mwenyewe amechoka nayo. Mimi nilishika daftari na kuandika namba ya nyumba na jina la mtaa, naye aliendesha polepole kama mtu anayesindikiza maiti. Majirani wa kitongoji cha Orange Mound waliokaa barazani walitutazama kwa mashaka, na mzee mmoja aliwahi kutuuliza kama tumepotelewa na mbwa.

Baba yangu, Cortez Tolliver, alikuwa dereva wa gari la mikate hapa Memphis. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na miwili, alijiunga na chama cha wanunuzi wa nyumba kilichokutana kila Jumanne jioni katika ukumbi wa nyuma wa mkahawa wa samaki. Walikuwa wanafundishana namna ya kuanza biashara ya nyumba bila kuwa na fedha. Mama alisema hajawahi kuona watu wanaojifunza kuogelea bila maji.

Namna yenyewe ilikuwa hivi. Unamtafuta mtu anayetaka kuuza nyumba. Mnaandikiana mkataba kwamba utainunua kwa bei fulani. Kabla siku ya kulipa haijafika, unamtafuta tajiri mwenye fedha taslimu, unamuuzia ule mkataba kwa bei ya juu zaidi, na tofauti inakuwa yako. Ni sawa na kumwambia mwenye kuku, "Nishikie jogoo huyo," kisha ukakimbia kumtafuta mwenye njaa. Hakuna sheria uliyoivunja, ila biashara inanoga pale mwenye kuku asipojua njaa iko wapi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuandika barua. Mwalimu wa chama alikuwa amewaambia kwamba barua ya mashine hutupwa pamoja na matangazo, lakini barua ya mkono, kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya njano yenye mistari, mtu huifungua akidhani imetoka kwa shangazi yake. Ikiwa mwandiko ni wa mtoto, ni bora zaidi. Baba alinilipa senti ishirini na tano kwa kila barua, nami nilikuwa naweka fedha za kununua tarumbeta ili niingie katika bendi ya shule.

Maneno yalikuwa yale yale siku zote: "Naitwa Cortez Tolliver. Ningependa kununua nyumba yako. Tafadhali nipigie simu." Hadi mwezi wa Mei nilikuwa nimeandika barua zaidi ya mia tatu. Watu wanne tu walipiga simu. Wawili walitutukana, wa tatu alikosea namba, na wa nne alitaka kutuuzia mashine ya kukatia nyasi.

"Sisi wenyewe tunapanga," mama alimwambia baba siku moja akikunja nguo, "na choo cha mwenye nyumba kinavuja tangu Krismasi. Halafu wewe unawaandikia watu kwamba utanunua nyumba zao."

Baba alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Nilimwona akiyatazama yale makaratasi ya njano kama mtu anayetaka kuyaomba msamaha. Nilimwonea huruma. Vilevile, nisijifanye malaika, niliiwazia tarumbeta yangu.

Siku iliyofuata nilikuwa naandika barua ya nyumba moja ya mtaa wa Fennel. Niliikumbuka vizuri kwa sababu haikuwa na nyasi ndefu hata kidogo. Tuliiandika kwa ajili ya turubai lililokuwa kwenye paa. Ilikuwa na chumba kimoja cha juu, na dirisha lake lilitazamana na mti mkubwa wa pekani, ule unaozaa njugu. Nilipomaliza maneno ya baba, kalamu yangu haikusimama. Niliongeza mstari mmoja chini: "Mimi ni binti yake. Tunatafuta nyumba ya kuishi, nami nimekipenda sana kile chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mti."

Nilijua fika kwamba hatukuwa tunatafuta nyumba ya kuishi. Nilibandika stempu, nikaitia sandukuni pamoja na nyingine ishirini, nikaenda kuruka kamba.

Simu ikalia baada ya siku tatu. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane wa miaka sabini na minane, Bi Ernestine Pruitt. Magoti yake yalikuwa yamechoka na ngazi, na binti yake alitaka akaishi naye katika mji wa mbali, Milwaukee. Baba alipoweka simu chini alinijia mbio. Alisema mama yule ni muungwana kupita kiasi, tena ameuliza kama nitakuja naye.

Tulikwenda Jumanne. Bi Ernestine alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa vizuri, na alitembea akishika kuta. Alitukatia pai ya viazi vitamu kabla hajazungumza habari yoyote. Baba alipokuwa jikoni akipima kuta na kuchungulia chini ya sinki, alinishika mkono akaniambia nipande naye juu. Ngazi kumi na moja zilimchukua dakika nzima. Chumba kilikuwa kimedekiwa. Kitanda cha chuma kilitandikwa shuka safi, na dirishani palikuwa na meza ndogo ya kuandikia.

"Meza hii ilikuwa ya binti yangu. Nakuachia," aliniambia. "Kuna wanunuzi wawili waliniahidi dola elfu hamsini, mwanangu. Nimewakataa. Wale walitaka kuta na paa. Ninyi mnataka kukaa. Baba yako akisema elfu arobaini, mimi nitakubali, maana nyumba ikipata mtoto inapona."

Hapo ndipo ilipokuwa saa yangu ya kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Asante, bibi."

Chini, baba alitaja elfu arobaini akiwa tayari kupandishwa. Bi Ernestine alikubali pale pale, wakatia saini. Baba aliacha dola mia moja za amana. Njiani aliimba, na katikati ya wimbo alinyamaza akasema haelewi kwa nini yule mama hakubishana naye bei hata kidogo. Mimi nilitazama nje ya dirisha la gari.

Baadaye alinieleza ule mkataba, maana alipenda kunifundisha. Ulikuwa na siku kumi za kukagua nyumba. Ndani ya siku hizo mnunuzi anaweza kujitoa bila kutoa sababu. Nilimuuliza kama Bi Ernestine naye anaweza kujitoa. Alisema la, muuzaji akishatia saini amefungwa. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili.

Tajiri alipatikana upesi. Aliitwa Bwana Rucker, mtu mcheshi aliyenipa ubani wa kutafuna na kuniuliza nasoma darasa la ngapi. Alhamisi tulisimama naye ng'ambo ya mtaa, akaitazama nyumba kwa macho ya fundi. Alisema ataigawa mara mbili apangishe wapangaji wawili. Chumba cha juu kitakuwa na jiko lake, na ule mti utakatwa ili magari yapate pa kuegesha. Angempa baba elfu arobaini na nane kwa ule mkataba, na wangetia saini Ijumaa ile ya siku ya kumi. Elfu nane zingekuwa zetu. Baba hakuwahi kushika hata elfu mbili kwa pamoja.

Pazia la dirisha la juu lilitikisika. Nilijificha nyuma ya pikapu.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu. Nilipolala nilikiona kile chumba kilivyodekiwa, na nikawaza magoti ya yule mama akipanda ngazi na ndoo. Alikataa elfu kumi kwa sababu ya mstari wangu mmoja. Nilihesabu kwamba ningeandika barua elfu arobaini ndipo nifikishe fedha hizo, nikakisukuma chakula changu pembeni. Mama alinigusa paji la uso akasema sina homa. Nilitamani ningekuwa nayo.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama alikaanga kambare, tukaketi mezani. Simu ikalia, naye akaipokea. Alisikiliza kwa muda, uso wake ukabadilika.

"Jeri," alisema akiziba simu kwa kiganja, "kuna mama mmoja anauliza unapenda mapazia ya rangi gani katika chumba chako. Anasema amepata kitambaa kwa bei nzuri. Chumba kipi hicho?"

Wote wawili walinitazama. Nilipewa simu. Sauti ya Bi Ernestine ilikuwa ya furaha, akiniomba nichague kati ya kijani na manjano. Nikasema kijani, nikakata, na machozi yakanitoka juu ya samaki wangu. Nikawaeleza yote, tangu mstari wa chini ya barua mpaka maneno niliyoambiwa chumbani juu. Baba aliacha kutafuna.

Kisha alisema taratibu kwamba barua si mkataba. Katika mkataba hakuna neno hata moja la uongo, na mama yule ametia saini akiwa na akili zake timamu. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili hakuwa anatutazama.

Mimi nilimlilia nikasema kosa ni langu, yeye hakujua.

"Ni lako, na utalibeba," mama alisema. Kisha akamgeukia baba. "Lakini Cortez, nani alimkalisha mtoto hapa mezani aandike barua zionekane zimetoka kwa shangazi ya mtu? Wewe ulimpa wimbo, yeye kaongeza ubeti."

Baba aliinuka akaenda kukaa ndani ya pikapu, pale uani, bila kuwasha injini. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Sikuwahi kumwona baba yangu ameona haya, na kuona kwamba mimi ndiye niliyemletea haya hiyo kulinichoma kuliko kama angenichapa.

Jumatatu ikapita, na Jumanne akaenda kwenye chama chake. Aliporudi, mama alimuuliza wamesema nini. Alijibu kwamba mwalimu amecheka na kumwambia huo ndio mwanzo wa kufuzu, anyamaze tu mpaka Ijumaa. Wengine walimpigia makofi. "Walinipigia makofi, Nadine," alirudia, akavua viatu, asiseme tena.

Alhamisi, siku ya tisa, alirudi kutoka kwenye mikate saa saba mchana, akaoga, akavaa shati la kanisani. Alinikuta nimekaa kitandani.

"Vaa viatu," aliniambia. "Tunakwenda Fennel. Lakini atakayesema ni wewe. Mimi nitasema yangu ukimaliza yako."

Sijui nilifikaje mlangoni pale. Bi Ernestine alifungua akiwa na sindano mdomoni, na begani kitambaa cha kijani. Alitukaribisha, akaanza kutafuta sahani. Nilijua kwamba akishakata pai sitaweza tena, kwa hiyo nilisema nikiwa bado nimesimama. Nilimwambia kwamba hatukuwa tunatafuta nyumba ya kuishi, kwamba baba angeuza ule mkataba kesho kwa mtu mwingine, na kwamba ule mstari niliuongeza mimi kwa akili zangu ili apige simu.

Alitoa sindano mdomoni akaichomeka vizuri kwenye kitambaa. Akaenda kwenye droo, akarudi na barua yangu ya njano, akaniwekea mkononi.

"Soma," alisema. "Kwa sauti."

Nilisoma. Nilipofika kwenye mstari wangu, nilisimama. Akasubiri. Nilisoma mpaka mwisho, na kila neno lilikuwa kama nimelivua nguo mbele ya watu.

"Nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja, nikipanga barua za watu," alisema. "Nazijua barua za kuomba fedha, nazijua za matapeli, najua na hizi za njano. Nimepata kumi na nne. Zote nilitupa. Yako niliiweka, kwa kuwa nilisema mtoto hana sababu ya kunidanganya." Akamgeukia baba. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili, mama."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo, mama. Siku nne nilitafuta njia ya kutojua."

Baba alitoa mkataba mfukoni akautandaza mezani. Alimweleza kwamba leo ni siku ya tisa, kwamba yeye anaweza kujitoa na Bi Ernestine hawezi, na kwamba akinyamaza mpaka kesho jioni nyumba imekwenda. Kisha akaandika chini kwamba anajitoa, akatia saini na tarehe. Alimwambia pia jambo ambalo chamani hawakuwa wanaliambia mtu: nyumba yake, hata na paa lile, haipungui elfu hamsini na tano, na asikubali chini ya hapo. Ile ilikuwa ni kuziaga elfu nane kwa mdomo wake mwenyewe.

Bi Ernestine aliusoma ule mwandiko wa baba mara mbili.

"Dola mia ya amana narudisha?"

"Hapana. Ni yako."

"Vizuri," alisema, "maana kitambaa nimekwisha kukikata."

Nilimwomba msamaha. Nilitegemea atanishika kichwa, kama watu wazima wafanyavyo mtoto akilia. Hakunishika.

"Leo sikusamehe," alisema. "Leo nina hasira, na nikisema nimekusamehe nitakuwa nimekudanganya, tutakuwa sare. Nendeni."

Jioni ile baba alimpigia simu Bwana Rucker, ambaye hakukasirika sana. Alisema nyumba ziko nyingi. Chamani baba hakurudi tena. Nilisikia walimwita Mchungaji Tolliver kwa miezi kadhaa, na hawakumaanisha sifa. Aliendelea na mikate yake, mimi nikaacha barua, na hakuna aliyenikumbusha kosa langu pale nyumbani. Hilo halikunisaidia. Kila tulipopita karibu na Fennel niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, hata siku niliyovaa ndala.

Mwezi wa Agosti tuliona kibao cha dalali mbele ya ile nyumba, na baada ya wiki mbili kikaandikwa "Imeuzwa". Baba alisimamisha gari akakitazama. Alisema, "Mungu ashukuriwe, amepata mtu," akaondoa gari. Nilidhani ndiyo mwisho wa mambo.

Wiki ile ile Bi Ernestine alimpigia baba. Alisema ameuza kwa elfu hamsini na saba, kwa wakunga wawili waliooana, na anaondoka Jumatatu. Kabla ya hapo anamtaka baba aje Ijumaa katika ofisi ya wakili mmoja, ghorofa ya pili, na aje pamoja nami. Mama aliposikia neno wakili alikaa chini.

Tulimkuta pale na mzee mfupi mwenye kofia ya majani, Bwana Lonzo Beckwith, aliyefanya naye kazi posta. Mzee Beckwith alikuwa na kijumba cha vyumba viwili alichokuwa anakipangisha, naye alikuwa amechoka kupanda paa na kuzibua sinki za wapangaji. Alitaka kukiuza, lakini hakutaka donge la fedha kwa mara moja, kwani alisema wajukuu wake wana pua ndefu za kunusa fedha. Alitaka kitu cha kila mwezi.

Bi Ernestine ndiye aliyeeleza mpango. Baba angelipa kidogo mwanzoni, kiasi alichonacho, na kinachobaki angemlipa Mzee Beckwith kila mwezi kwa miaka kumi, pamoja na riba ndogo, kutokana na kodi ya mpangaji. Benki haimo. Mzee mwenyewe ndiye benki.

"Mimi na marehemu mume wangu tulinunua kwa mpango unaofanana na huo," alisema, "wakati benki za mji huu hazikutaka hata kutuona mlangoni. Lakini muuzaji alibaki na hati ya nyumba mpaka senti ya mwisho. Ukichelewa mwezi mmoja, anakutoa, na yote uliyolipa yamekwenda na maji. Tuliishi miaka kumi na miwili hatulali vizuri. Hapa hati inaandikwa jina la Cortez leo hii. Lonzo anabaki na rehani tu. Asipolipwa, aende mahakamani kama watu wote. Nimemwambia wakili aandike hivyo."

Baba aliuliza kwa nini Mzee Beckwith amwamini mtu asiyemjua.

"Sikujui," mzee alikubali. "Ila nimeambiwa ulikuwa na mjane mkononi, umemfunga kwa karatasi, umebakiza siku moja, ukamfungua. Katika umri wangu nimewajua wengi waliofunga. Waliofungua nawahesabu kwa kidole." Kisha akanigeukia ghafla akainama, macho yake makali chini ya ile kofia. "Na wewe, binti. Utakaa katika nyumba yangu? Marehemu mke wangu aliipenda sana. Ningefurahi kusikia kuna mtoto ndani."

Bi Ernestine alikuwa anatazama ukuta. Nilijua ningeweza kumfurahisha yule mzee kwa neno moja, na nilijua neno lenyewe.

"Hapana, Mzee," nilisema. "Hatutakaa. Baba ataipangisha. Sisi tutaendelea kupanga kwetu mpaka tupate."

"Vema," alisema Mzee Beckwith, akachukua kalamu. "Chumba cha nyuma kinavuja. Hata mimi nisingetaka ukae humo."

Wakacheka wote, na wakili naye. Mimi nilishindwa kucheka, nilikuwa nalia tena. Walitia saini karatasi moja baada ya nyingine, na ya mwisho ilikuwa hati yenye jina la baba. Aliisoma akiifuata kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tulipotoka, baba na mzee walitangulia kushuka wakizungumza habari za bomba. Bi Ernestine alibaki nami juu ya ngazi.

"Nisikilize, Jeri," alisema. "Watakwambia biashara hii inaanza na fedha, au na benki, au na ujanja wa kuandika barua. Inaanza na mtu kukuamini kabla hujalipa. Mimi nilikuamini kwa elfu kumi na saba, toka arobaini mpaka hamsini na saba, na ulikuwa na miaka kumi na miwili tu. Ulizichukua kwa mstari mmoja, ukazirudisha kwa kusimama jikoni kwangu ukasema kweli. Usidhani kurudisha kunafuta kuchukua. Hakufuti. Lakini Lonzo hajamkopesha baba yako kwa sababu hamjakosea. Amemkopesha kwa sababu mlikosea mkaja kusema, mlipokuwa bado mnaweza kunyamaza. Neno lako ndilo mtaji wako. Usilitumie kununulia kitu kisichokuwepo."

"Ndiyo, bibi," nilisema.

"Haya. Sasa nimekusamehe."

Alizitazama zile ngazi, ndefu kuliko za nyumbani kwake. Akaweka mkono wake begani kwangu, akaniegemea kwa uzito wake wote, tukaanza kushuka.